Kulinda majani ya boga jitu dhidi ya jalidi ya Septemba

Boga la mbegu ya Atlantic Giant huongeza hata kilo 20 kwa siku linapochanganya mwezi Agosti. Septemba kasi inapungua, lakini maadamu majani ni mazima linaendelea kuongeza kilo chache kila siku hadi karibu na siku ya kupimwa. Mashindano mengi ya Marekani ya uzito wa maboga ni ya mwanzoni mwa Oktoba; lile la Half Moon Bay, California, hufanyika Jumatatu ya pili ya mwezi huo. Kwa anayelima kaskazini, Minnesota, Wisconsin au Ontario, jalidi ya kwanza (baridi ya kugandisha) inaweza kuyatangulia mashindano kwa wiki mbili au tatu. Inatosha usiku mmoja. Asubuhi majani yamelegea na kuwa meusi, na boga halitaongeza tena hata gramu, ingawa lenyewe halina alama. Hata hivyo kaskazini si kikwazo: boga la kilo 1,247 lililoshinda Half Moon Bay mwaka 2023 lilitoka Anoka, Minnesota, shambani kwa Travis Gienger.

Anza na utabiri, ila usiusome kama ulivyo. Joto linalotangazwa hupimwa kama mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi. Usiku wa anga tupu usio na upepo, usawa wa majani huwa baridi zaidi kwa nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi, kwa hiyo utabiri wa nyuzi 3 (37 kwa Farenhaiti) uhesabu kuwa ni jalidi. Mawingu yakitanda, hofu inapungua. Hewa ikiwa kavu, inaongezeka, kwa sababu umande unapotungika huachia joto kidogo, na hewa kavu haina umande wa kutoa. Weka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa katikati ya majani, na kingine chini ya kitambaa. Baada ya siku mbili tatu utajua shamba lako linapishana na utabiri kwa nyuzi ngapi.

Joto la kuokoa majani usiku liko ardhini tayari, na kazi yako ni kulizuia lisipae. Mwagilia asubuhi au mchana mpaka udongo ulowe vizuri sentimita 20 za juu, maana udongo mbichi hubeba joto jingi kuliko mkavu. Usimwagilie jioni. Nyasi za matandazo ziondoe katika sehemu utakayofunika, kwani zinazuia jua lisipashe udongo mchana na joto lisipande usiku.

Mmea mmoja huweza kutanda mita za mraba 60 au zaidi, na kuufunika wote ni gharama isiyo na maana. Funika kama mita za mraba 30: boga, shina kuu, na matawi yenye majani yaliyo hai kweli. Majani ya zamani yaliyokwisha liwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe, yaache.

Kwa eneo la mita 5 kwa 6 unahitaji matao sita ya bomba la PVC la robo tatu inchi, kila moja urefu wa mita 6. Pigilia vipande vya nondo vya sentimita 60, nusu yake iingie ardhini, viwili kwa kila tao, mita 5 kati yao. Visha ncha za bomba juu ya nondo hizo, bomba lijipinde. Kilele kitafika kama mita 1.3, juu ya majani mengi. Acha mita 1.2 kati ya tao na tao, kisha funga kamba moja juu, kutoka tao la kwanza hadi la mwisho, matao yasilale upepo ukija. Kitambaa cha kuzuia baridi kiwe cha gramu 50 kwa mita ya mraba, upana mita 7 na urefu mita 9, ili kifike chini pande zote. Kizito hivyo hukuongezea nyuzi 3 au 4 za joto. Cha gramu 17 hukupa moja au mbili tu. Pindo zote zigandamizwe kwa udongo au matofali. Pengo dogo upande mmoja linatosha kuharibu kazi yote.

Nailoni peke yake ni mtego. Inapitisha joto kirahisi, na jani likiigusa huungua palepale ilipogusa. Kama una nailoni, ipitishe juu ya kitambaa kwa usiku mbaya zaidi tu.

Muda ndio unaowashinda watu. Anza kufunika saa kumi jioni, umalize kabla jua halijazama. Ukifunika saa tatu usiku unafungia baridi ndani.

Ukihitaji joto la ziada, panga mapipa manne ya lita 200 ndani ya banda hilo la kitambaa na uyajaze maji wiki moja kabla, yapate jua. Yakipoa kwa nyuzi 5 yanatoa karibu kilowati-saa 4.7, sawa na balbu tano za wati 100 zikiwaka kwa muda wa saa tisa. Yapange kabla ya kuyajaza, mbali na mizizi. Ukitumia balbu, ziwe za zamani zenye uzi, kwa sababu za LED hazina joto la maana, na ziwe sentimita 30 kutoka kwenye kitambaa, kwenye waya wa nje wenye kikatiza umeme. Jiko la gesi usiingize.

Boga lenyewe hupoa taratibu kwa wingi wake; hatari ni ganda la juu na kikonyo. Tandika blanketi mbili kavu, kisha turubai juu, maana blanketi iliyolowa haizuii kitu. Asubuhi vua turubai na fungua ncha za banda hewa ikifika nyuzi 4 au 5. Jua la saa nne huweza kulipika banda lililofungwa.

Utabiri ukisema nyuzi 6 chini ya sifuri, au baridi ikija na upepo mkali, majani yamekwisha, usipoteze usiku. Hamishia blanketi zote kwenye boga. Majani yakishafa, kata shina sentimita 10 kila upande wa kikonyo na lipeleke boga kwenye banda jingine lenye nyuzi 10 hadi 13. Bonyeza ganda kwa kidole gumba kila siku: doa la kung'aa kama lililolowa ni mahali palipoganda, na hapo ndipo uozo huanzia. Uozo ukipenya hadi kwenye uwazi wa ndani, kwa kanuni za Great Pumpkin Commonwealth, chombo kinachosimamia mashindano haya, boga hilo halipewi nafasi hata likipimwa.