Picha ya kalenda ijaribiwe ukutani kwanza

Unachagua picha za kalenda ya ukutani ya kutangaza biashara? Usiamue kwenye skrini. Chapa kila picha kwa ukubwa wake halisi, ibandike ukutani, iache hapo siku kadhaa na uitazame ukiwa mbali kiasi cha mita mbili. Mteja atakaa nayo mwezi mzima, tena huiona kwa mbali akiwa na shughuli zake. Picha iliyojaa vitu vidogo hugeuka vurugu, na yenye rangi za kelele humchosha mpaka aishushe, nembo yako ikashuka nayo. Kitu kimoja kikubwa chenye nafasi tupu pembeni ndicho hudumu. Ukubwa huo pia hufichua ukungu ambao simu huuficha: kwa karatasi ya ukubwa wa A3, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji takriban pikseli 3508 kwa 4961. Ila kwenye usahihi wa rangi njia hii haisaidii. Printa ya ofisini na mashine ya mchapaji hazitoi rangi sawa, hasa bluu kali na kijani kinachong'aa, kwa hiyo hapo dai sampuli ya mchapaji mwenyewe kabla ya kuidhinisha kazi.