Umeshaunda modeli kwa R, sasa vipi utabiri kilo za kesho

Wengi wanaotumia R, ile programu ya takwimu, wakishafika kwa lm(), amri ya kuunda modeli ya mstari, wanaona kazi imekwisha, summary() imetoa nyota zake za kuonyesha kipi kina uzito basi raha, halafu nahodha pale Malindi anakuuliza swali moja tu: nikitoka na lita 20 za petroli nitarajie kilo ngapi? Nyota hazimjibu huyo, anayemjibu ni predict(), amri ya kutabiri kwa modeli uliyonayo.

Tuseme una faili la samaki walioshushwa ufuoni, kila mstari safari moja ya boti, kolamu ni kilo, lita na msimu (kusi ama kaskazi). Modeli yenyewe:

samaki <- read.csv("samaki.csv")
modeli <- lm(kilo ~ lita + msimu, data = samaki)

Usiandike lm(samaki$kilo ~ samaki$lita), nawaomba sana. Modeli itakubali vizuri tu na namba zitatoka zilezile, ila ukija kutabiri R inatafuta kitu kinaitwa samaki$lita, inakikuta kwenye data ya zamani, inakurudishia utabiri wa safari zote za zamani badala ya zile mbili tatu ulizouliza, na onyo jekundu chini ambalo watu hawalisomi.

Sasa tengeneza jedwali la safari mpya, majina ya kolamu yawe yaleyale herufi kwa herufi:

kesho <- data.frame(lita = c(10, 20, 30), msimu = "kusi")
predict(modeli, newdata = kesho)

Zinatoka namba tatu, moja kwa kila safari. Ukiandika "Kusi" kwa herufi kubwa na data yako ina "kusi", R inagoma kabisa, inakwambia kuna msimu mpya haiujui, na hiyo ni afadhali manake angalau umejua. Mbaya ni ukiandika data = kesho badala ya newdata = kesho, hapo hata onyo hupati, inalipuuza jedwali lako kimyakimya inakupa za zamani. Kwa hivyo kila mara hesabu, umeuliza tatu umepata tatu?

Namba moja peke yake usimpelekee mtu, bahari haiko hivyo. Ongeza mipaka:

predict(modeli, newdata = kesho, interval = "prediction")

Utaona kolamu tatu, fit ni makadirio, lwr ya chini na upr ya juu, kwa asilimia 95 usipobadilisha level, yaani kiwango cha uhakika. Kuna pia "confidence" na hapa ndo wengi huchanganya. Hiyo ni ya wastani wa boti zote zinazotoka na lita 20 msimu huo, mtu anayepanga barafu ya ufuo mzima inamfaa. Nahodha anauliza boti yake moja, safari yake moja, huyo ni "prediction", ambayo siku zote ni pana zaidi, na usiogope upana wake wala usimfichie.

Saa zingine lwr inatoka hasi, kilo chini ya sifuri, modeli haijui kwamba samaki hawadaiwi. Waweza kutumia log(kilo) ndani ya lm() kisha uzungushie exp() majibu yote matatu yarudi kuwa kilo, hapo hayashuki chini ya sifuri, lakini safari zilizorudi mikono mitupu zitakusumbua manake log ya sifuri haiingii kwa lm.

Kabla hujatuma angalia range(samaki$lita), inakuonyesha lita za chini na za juu kabisa kwenye data yako. Kama data yako inaishia lita 40 usitabiri ya 90, R itakupa jibu bila aibu. Na kusi ikivuma kali Juni Julai boti nyingi ndogo hazitoki, kwa hivyo safari za kusi ulizonazo ni za waliothubutu ama siku zilizotulia, huo utabiri usimpe mwenye mtumbwi mdogo.

Ukiridhika:

jibu <- cbind(kesho, round(predict(modeli, newdata = kesho, interval = "prediction")))
write.csv(jibu, "kesho.csv", row.names = FALSE)

Nahodha msomee lwr na upr tu, fit ukiitaja atashika hiyohiyo.