Maharagwe kwa stima ya shilingi 11: vile napika hapa Kisumu bila kumaliza tokeni

Kila mtu kwa plot yetu hapa Mamboleo alikuwa anaogopa kupika na stima. Ukitaja tu presha kuka ya stima, kile chungu kinachopika kwa mvuke uliofungiwa ndani, unaambiwa hiyo kitu itakumalizia tokeni, na mimi pia niliamini hivyo miaka mingi, nikawa na meko ya gesi ya kilo 6 na jiko la makaa kando, na bado mwisho wa mwezi pesa ya kupikia ilikuwa inaniumiza karibu kama ya unga. Kilichonibadilisha mawazo ni mita yenyewe, hii ya tokeni iko hapo ukutani.

Enda uiangalie yako. Kuna taa ndogo nyekundu inapepesa, na karibu yake kuna nambari imeandikwa, yangu ni 1000 imp/kWh, maana yake hiyo taa ikipepesa mara 1000 umemaliza yuniti moja. Zima kila kitu, friji, tivi, hata chaja za simu, uwashe tu kile chombo unataka kupima alafu uhesabu. Kama huna subira ya kuhesabu, andika yuniti zilizobaki kabla ya kupika na uangalie tena chakula kikiiva, itakupatia jibu karibu lile lile. Mimi nilianza na birika la stima. Lita moja ya maji ya mfereji ilichemka taa ikiwa imepepesa karibu mara 95, yaani hata yuniti moja kwa kumi haikufika. Nikajaza birika lote, lita 1.7, ikaenda mpaka 160 na kitu. Na kumbe kila asubuhi nilikuwa najaza birika ndio nipate kikombe kimoja cha kahawa, yale maji mengine yanapoa hapo tu na jioni nayachemsha upya. Sai napima na kikombe kile kile nitanywea, na kama ni chai ya watu wengi ikichemka inaenda kwa themosi moja kwa moja.

Lakini niseme ukweli, kwa maji ya chai tofauti ya birika na gesi sio kubwa. Yuniti kwangu inanifikia kama shilingi 28 ukiweka ushuru na zile nyongeza za mafuta zinazobadilika kila mwezi, na nikipiga hesabu ya gesi naona zinakaribiana. Birika ni haraka na linajizima lenyewe, hiyo ndio faida yake. Pesa yenyewe iko kwa vitu vinavyokaa kwa moto masaa, maharagwe, nyoyo (mahindi na maharagwe pamoja), matumbo, kuku wa kienyeji, njahi (maharagwe meusi). Ukitaka kununua chombo kimoja tu, nunua presha kuka na hizo zingine zingoje.

Watu wanaangalia zile wati zimeandikwa nyuma, wanaona 1000 wanashtuka. Wati peke yake haisemi kitu, lazima uangalie pia imewaka dakika ngapi. Yuniti moja ni wati 1000 zikiwaka saa nzima bila kupumzika, na presha kuka haiwaki hivyo, inawaka mfululizo ikijenga presha, labda dakika 15, baada ya hapo inazima na kuwaka kidogo kidogo tu kushikilia joto kwa sababu mwili wake umefunikwa na moto hautoroki kama kwa sufuria. Nusu kilo ya maharagwe niliyoloweka usiku, dakika 25 za presha, ilinikulia yuniti 0.38. Hiyo ni kama shilingi 11. Kwa jiko, hayo hayo maharagwe yalikuwa yanataka mkebe mmoja na nusu wa makaa na mtu wa kukaa hapo akipuliza. Bila kuloweka yalienda 0.5 na zaidi, kwa hivyo usiku kabla ya kulala yatie maji, hiyo haina gharama. Nyoyo ya mahindi makavu ndio inakula zaidi, weka saa nzima, lakini hata hiyo haijawahi kunifikia yuniti moja.

Dada yangu anakaa Nakuru, Section 58, na kwake naona presha inasaidia hata kuliko kwangu. Nakuru iko juu, kama mita 1850 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka karibu digrii 94, huku Kisumu tuko kama 1130 na maji yanafika 96 hivi. Ndio maana maharagwe yake kwa sufuria hayaishi kuiva, unaweza kuongeza moto vile unataka na maji hayatazidi hapo, yanageuka mvuke tu. Ukifunga mvuke ndani joto linapita 100, na hapo ndio maharagwe yanakubali.

Sasa vile ya kutumia presha kuka. Maharagwe na mahindi yanafura na kutoa povu, usipitishe nusu ya chungu, vyakula vingine mwisho ni theluthi mbili. Usiweke bila maji, angalau kikombe kimoja. Dakika zikiisha usikimbilie kutoa mvuke, wacha presha ishuke yenyewe dakika 15 au 20, maharagwe bado yanaendelea kuiva hapo na stima haitumiki, na pia ukifungua mvuke haraka povu litarukia ukuta na ganda linaweza kuziba ile valvu ya kutolea mvuke. Kifuniko kikikataa kufunguka usilazimishe, kamwe, inamaanisha presha bado iko.

Halafu kuna kitu wengi hawaoni. Ikimaliza kupika inaingia yenyewe kwa hali ya kuweka chakula moto, taa ndogo inawaka na watu wanaenda zao. Bonyeza kuzima. Rais kuka, ile ya kupikia wali, ni vile vile, na nilipima yangu, ikikaa hivyo kutoka saa sita mchana mpaka usiku inakula yuniti kuliko ile ilipika wali wenyewe. Wali wa vikombe viwili ni kama yuniti 0.2 tu, sasa kwa nini uongeze nyingine 0.3 ukingoja mtu wa kazi arudi, funga kwa taulo nzito au uweke kwa kikapu cha blanketi kama vile akina mama huku magharibi wamefanya miaka mingi.

Mimi napika kilo nzima ya maharagwe Jumamosi asubuhi, nagawa kwa vikopo, naweka friza, na wiki nzima ni kukaanga kitunguu na nyanya kwa gesi dakika kumi. Kilo moja haili mara mbili ya nusu kilo, maana kile chungu kinapashwa mara moja tu. Na asubuhi ni afadhali kwa sababu hapa mvua ya jioni ikianza na radi stima inapotea. Ikipotea katikati usifungue, chungu kitashika joto muda mrefu, ikirudi unaendelea.

Ugali wacha ubaki kwa gesi, unataka moto mkali na mkono. Jiko la indaksheni, lile la stima linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, ni zuri na halipotezi joto, ila sufuria zetu za aluminiamu halizioni kabisa, beba sumaku ya spika mbovu uende nayo dukani, ikishika chini ya sufuria basi itafanya kazi. Ongeza bei ya sufuria mpya kwa hesabu yako kabla hujalipa.

Kuhusu bei ya yuniti, tangu 2023 wastani wako wa miezi mitatu ukiwa chini ya yuniti 30 kwa mwezi unalipa bei ya chini kabisa, mpaka 100 ni ya kati, ukipita 100 inapanda tena. Kupika maharagwe mara mbili kwa wiki kunaongeza yuniti tatu nne tu kwa mwezi, angalia kama zitakuvusha mpaka. Na kama uko kwa sub-mita, ile mita ndogo ya landilodi, uliza anakutoza ngapi kwa yuniti. Pale nilikuwa nakaa kwanza tulikuwa tunalipishwa 40, na kwa bei hiyo birika halikuwa na maana ingawa presha kuka bado ilishinda makaa.

Usitumie ekstensheni nyembamba. Yangu ya kwanza niliiweka birika na presha kuka pamoja, nikasikia harufu ya plastiki, kuangalia plagi imeyeyuka upande mmoja na watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Chomeka kwa soketi ya ukuta, kimoja kimoja.

Ukipata presha kuka ya mitumba, toa ile raba ya kifuniko uikunje, ikiwa na nyufa haitashika presha, mvuke utatoka pembeni na itawaka bila kuzima ikikula tokeni. Raba mpya huuzwa kando. Mbele ya muuzaji weka vikombe viwili vya maji, funga, upike dakika tano, uone kama kile kipini cha kifuniko kinapanda na mvuke unakatika.