Kabla hujanunua kalamu za darasa zima

Skuli zikikaribia kufunguliwa na wewe ndiye uliyekabidhiwa pesa za kalamu, usikimbilie dukani. Hesabu watoto kwanza, kisha ongeza robo. Kalamu zinapotea, zinatafunwa, zinaazimwa hazirudi.

Penseli chukua HB, iliyo kati ya ngumu na laini. Tunaiita kalamu ya risasi, lakini ndani hamna risasi. Mna grafiti na udongo, mchanganyiko alioubuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na maandishi yanafifia. Hizo ndizo za H, waachie wachora ramani. Grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, ndizo za B. Mtoto wa darasa la kwanza asiyejaa nguvu mkononi anaiweza 2B, ila inaisha upesi na daftari linachafuka.

Sasa sikiliza yaliyonifika. Mwaka mmoja nilinunua soko la Darajani, Unguja, dazani 12, yaani penseli 144, za njano zinazong'aa, bei ya kutupa. Nikazitia kwenye boksi moja, tukaondoka na meli ya Mkoani, Pemba. Pale bandari ya Malindi, Unguja, hamali alilirusha boksi juu ya magunia. Mkoani likashushwa vivyo hivyo, likatua kwa pembe. Halikuchanika, nami nikashukuru.

Siku ya jaribio la mwisho wa mwezi wakaanza: "Mwalimu, imekatika." Mtoto anachonga, ncha inatokeza, anaigusisha karatasi, inang'oka yote na kubaki tundu jeusi. Anachonga tena. Binti mmoja wa dawati la mbele alichonga mpaka akabakiwa na kipande cha urefu wa kidole gumba, na jina lake kwenye karatasi halijafika nusu. Hakulia. Alikuwa akiyapanga maganda ya mbao pembeni mwa dawati, moja moja, kama anatunga kikuba cha maua.

Kutwa nzima nilimlaani hamali. Jioni nikapasua penseli moja kwa kisu. Grafiti ndani imevunjika vipande vitano, kweli, lakini pia haikugandishwa na mbao: ilikuwa inateleza kama mguu ndani ya kiatu cha kaka. Tena imeelemea upande mmoja. Hamali kamaliza tu kazi iliyoanzia kiwandani.

Kwa hiyo mwambie muuzaji afungue paketi. Tazama kitako cha penseli: kile cheusi kikae katikati kabisa. Chonga mbili palepale, ziandikie kwa kukandamiza. Akinuna, duka la pili liko hatua tatu. Na melini boksi ulipakate mwenyewe, usimpe mtu.

Kalamu za wino chukua zile za kawaida za kijipira, wino wake ni wa mafuta. Za jeli zinapendeza, lakini nyingi wino wake ni wa maji. Masika mkoba ukirowa, daftari zima linageuka bahari. Wanaoandika kwa mkono wa kushoto nao wanaupangusa wino kabla haujakauka. Rangi ni buluu au nyeusi. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne unataka hizo, na michoro kwa penseli, basi wazoee mapema. Nyekundu ni ya mwalimu.

Mfuniko uwe na tundu nchani. Si pambo: mtoto akiumeza ukamkwama, hewa inapata pa kupita. Usio na tundu usiuchukue hata ukipewa bure.

Kichongeo cha chuma. Wembe marufuku. Raba nunua ya peke yake. Ile ya mkiani mwa penseli ikikauka inachana karatasi. Andika majina kwenye utepe, ubandike. Usiziache dirishani juani. Hesabu asubuhi, hesabu saa ya kutoka. Na ufunguo wa kabati ushike mwenyewe. Mie wangu niliuacha mezani dakika kumi tu, nikaenda kuchukua chai.