Barakoa ya CPAP ijaribu ukiwa umelala

Kama umeandikiwa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili njia ya hewa isizibe, kwa sababu ya kukatika pumzi usingizini, usiipime barakoa umekaa kitini mbele ya muuzaji halafu ukaridhika. Ukilala, uso hubadilika: mashavu yanateremka, taya linalegea, na barakoa iliyokaa vizuri dukani inaanza kukupulizia upepo machoni. Lala, washa mashine ifike presha unayolalia, ivute barakoa mbele kidogo ili mto wake wa silikoni ujae hewa, irudishe taratibu, ndipo urekebishe mikanda. Kidole kipite chini ya mkanda.

Mimi mwanzoni nilikuwa nakaza kama nafunga gunia kwenye keria ya baiskeli. Naamka na alama nyekundu juu ya pua, na upepo bado unavuja! Kumbe ukikaza mno ule mto unajikunja, na uvujaji ndio unazidi.

Unalala mdomo wazi? Barakoa ya puani peke yake itakusumbua, uliza inayofunika pua na mdomo. Mwenye ndevu nyingi ajaribu zile ndogo zinazokaa kwenye tundu za pua.

Mto wa silikoni uoshe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa kuwa mafuta ya uso huufanya uteleze. Yale mafuta mazito ya kujipaka usiku nayo yaache, angalau sehemu barakoa inapogusa. Ngozi ikianza kuchubuka, rudi ukabadilishiwe saizi au aina.