Kabla Hujaingia Darasani Kufundisha Maadili ya Utafiti

Umepangiwa semina ya maadili ya utafiti kwa wanafunzi wa uzamivu wa vitivo vyote. Hongera, na pole. Mhandisi wa maji, mwanaisimu, daktari wa mifugo na mtu wa kompyuta watakaa chumba kimoja, kila mmoja akiamini somo linamhusu jirani yake.

Omba mada zao za tasnifu mapema. Sentensi moja kwa kila mtu yatosha.

Mifano ichague upya. Tuskegee lazima uitaje, wale wanaume weusi wa Alabama, Marekani, waliokuwa na kaswende wakaachwa bila tiba katika utafiti wa 1932 hadi 1972. Ukiishia hapo, wasio wa afya watafungua simu zao. Ongeza kisa cha Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia wa Arizona, Marekani: walitoa damu kwa utafiti wa kisukari, baadaye wakagundua imetumika kuchunguza skizofrenia na asili ya kabila lao. Mwaka 2010 bodi ya vyuo vikuu vya jimbo ilikubali kuwalipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Hapo mwanahistoria huinua kichwa, maana naye ana sauti za wazee alizorekodi kwa kazi moja na anazipigia hesabu kwa nyingine.

Vibali vya utafiti: Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kwa afya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; Zanzibar ina utaratibu wake; Kenya ni NACOSTI, tume yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Wasikusanye kwanza wakaomba baadaye. Wa kompyuta wape Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 mkononi, kisha waache wabishe kwamba jumbe za kundi la WhatsApp ni mali ya wote.

Sasa hili lisome mara mbili. Usiwaombe visa vya maisha yao kabla hamjakubaliana kipi kinatoka nje ya mlango.

Mwenzangu niliyefundisha naye, mtu mchangamfu, alipenda darasa liongee. Akauliza nani amewahi kuona maadili yakivunjwa. Kimya. Kisha dada mmoja wa kilimo akasema msimamizi wake aliwasilisha kongamanoni matokeo ya udongo aliyoyapima yeye, na yeye akawekwa kwenye shukrani, chini kabisa, baada ya dereva. Darasa likacheka, naye akacheka. Jina hakutaja. Lakini wanaosimamia udongo pale chuoni walikuwa wa kuhesabu, na wengi darasani walikuwa wahadhiri wasaidizi: asubuhi wanafunzi, mchana watu wa chini ya mabosi haohao. Kabla ya magharibi msimamizi alishapata habari, mpaka neno "dereva".

Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Sura ya nne ikaanza kulala mezani. "Nipo safarini." "Nitumie tena, sikuiona." Ripoti ya maendeleo ikakosa saini, na bila saini fedha za ufadhili hazitoki. Mwishowe alihamia kwa msimamizi mwingine na kuanza karibu upya. Na asubuhi ya siku ile tulikuwa tumewafundisha kwamba kuficha jina hakutoshi pale jamii inapokuwa ndogo!

Kwa hiyo, tumia visa vilivyokwisha kuchapishwa au ubuni vyako. Mwenye lake aandike kwenye karatasi isiyo na jina, na isomwe na wewe tu. Kurekodi darasa marufuku. Mkuu wa idara akija "kusikiliza kidogo", msindikize kwa heshima hadi mlangoni. Na kabla hujawaambia wapeleke malalamiko, hakikisha ofisi ya kuyapokea ipo na ina mtu ndani.

Suala la majina kwenye makala liweke siku ya mwisho, wakishazoeana, maana hapo ndipo moto huwaka. Wanahisabati kwa kawaida hupanga majina kwa alfabeti, watu wa maabara mara nyingi humweka mkubwa mwisho, na mwanahistoria aliyezoea kuandika peke yake atashangaa ugomvi unatoka wapi. Usiamue nani yuko sahihi. Waulize nani alifanya nini.

Mengine unayajua. Usitishe watu kwa kufukuzwa chuo. Wizi wa kitaaluma usiufanye somo zima, programu za kuukagua hazisomi nia. Akili unde wataiuliza, jiandae. Fomu ya mahudhurio usiiache mezani, na yule anayekuja baada ya kipindi akisema "mwalimu, nina swali la rafiki yangu", funga mlango kwanza.