Jinsi ya kuitambua tanzanite feki kabla hujatoa hela

Wadau mnaonunua mawe kwa mabroka hapa Chuga (Arusha), anzeni na hili: tanzanite ya maabara haipo sokoni. Rubi, safaya, zumaridi na almasi watu wanazitengeneza, kemia yake ni ileile ya jiwe la ardhini, hizo ndo sintetiki. Tanzanite ukiletewa feki ujue ni kitu kingine kimepewa jina: chupa, zirkonia (jiwe la kiwandani linaloiga almasi), spineli (aina nyingine ya kito), safaya ya kiwandani, au forsteriti (madini mengine) ya kutengenezwa, na hiyo ya mwisho ndo inapiga watu vibaya. Iliyochomwa sio feki jamani, mawe mengi ya Mererani, kwenye migodi ya tanzanite, yanatoka na ukahawia, yanapashwa moto kama nyuzi 500 mpaka 600 bluu inakuja, biashara ya kawaida hiyo.

Sasa kazi. Futa jiwe, libane na kibanio, washa tochi ya mwanga mweupe uligeuze taratibu pande zote. Tanzanite inabadilika, upande huu bluu, ule zambarau, na kama halijachomwa unaona na ukahawia pia. Chupa, zirkonia na spineli rangi ni ileile hata ugeuze mpaka jioni. Ukiwa na daikroskopu, kile kidude cha kuchungulia rangi za jiwe, ndo raha, unaona rangi mbili kwa pamoja, ila usiangalie upande mmoja tu ukatoa hukumu.

Forsteriti inapita huo mtihani kiulaini, nayo inabadilika rangi. Hapo chukua lenzi ya 10x (inayokuza mara kumi), chungulia kupitia uso wa juu mpaka uone kingo za mikato ya chini, jaribu pembe tofauti tofauti. Forsteriti kila kingo unaiona mbilimbili waziwazi, tanzanite kwa kawaida huoni hicho kitu.

Lenzi hiyohiyo tafuta viputo vya duara, ukiviona wasiwasi uanze, ni chupa au jiwe la moto. Hilo la moto ni njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902: unga wa alumina, malighafi ya rubi na safaya, unadondoshwa kwenye moto wa oksijeni na haidrojeni, unayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, unaganda juu ya kijiti tone kwa tone mpaka linatoka dude lenye umbo la peasi. Kichwa chake ni cha mviringo, kwa hiyo mistari ya rangi ndani inapinda, wakati ya asili imenyooka au inakunja kona. Mnaofuata rubi Longido hii iwakae kichwani.

Mizani nayo inasema. Pima jiwe hewani, halafu likining'inia ndani ya maji, toa uzito wa majini kwenye ule wa hewani, kisha uzito wa hewani ugawanye kwa hiyo tofauti. Mfano hewani karati 6.70, majini 4.70, unapata 3.35, yaani jiwe ni zito mara 3.35 kuliko maji ya ujazo uleule, hiyo ndo tanzanite. Safaya inacheza kwenye 4, zirkonia inapita 5.5. Forsteriti iko 3.2 hivi, karibu mno, kwa kijiwe kidogo mizani itakudanganya.

Mambo ya kukwaruza kioo achaneni nayo, mawe kibao yanakwaruza kioo, na tanzanite ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs (almasi ni 10) ni 6 mpaka 7 tu, inapasuka kirahisi. Kiberiti ndo kabisa usiguse, moto wa ghafla unalipasua jiwe zima.

Hela ikiwa ndefu mwambie broka mwende wote maabara ya vito, Kituo cha Jemolojia kipo hapahapa Arusha, akianza kuleta haraka haraka mrudishie jiwe lake.